Zamu ya Khamala

Jumatatu, 3 Desemba 2007

Annet ametuamuru kila mchezaji awe na daftari la mipango na alifiche kama mtu anavyoficha sukari wageni wakija. Nimenunua hili la kurasa tisini na sita. Mipango yangu ya vita haitajaza hata kurasa kumi, kwa hiyo nitaandika na mengine humu. Asiyetaka asisome.

Mimi ni Mumbua, mshonaji wa sare za shule. Cherehani yangu iko kwenye veranda ya saiba ya Annet hapa Olympic, na kwa miaka miwili nimewaona watu wakicheza mchezo uitwao Himaya kwenye kompyuta zake bila mimi kuuliza chochote. Mwezi uliopita, siku moja ya mvua isiyo na wateja, nikauliza. Sasa nimenaswa.

Mchezo wenyewe ni hivi. Kila mtu anaanza na mji mmoja, mkulima mmoja na askari mmoja, na ramani yote ni giza isipokuwa pale unapokanyaga. Mkulima akifika mahali pazuri anajenga mji mpya. Unacheza zamu yako, unabonyeza Maliza Zamu, unampisha mwingine kwenye kiti, nawe unatoka verandani usije ukaona siri zake. Hakuna haraka. Tumekubaliana kila mtu zamu moja kwa siku, maana sote tuna kazi.

Tuko wanne. Annet mwenyewe, mtu wa Webuye mwenye mdomo. Ndululu, mtoto wa mama yangu mdogo, anayetengeneza masanduku ya bati Kawangware na huja jioni kwa miguu akipitia Jamhuri. Na Khamala, jirani yangu wa ploti kule mtaa uitwao Raila, askari wa geti Nyayo Highrise, mtu wa maneno matatu kwa siku. Mimi nisingemwalika. Tunatenganishwa na bati moja, na kikohozi chake nakijua kuliko wimbo wa taifa.

Jumanne, 4 Desemba

Zamu ya kwanza. Nimejenga ukuta.

Jumatano, 5 Desemba

Ndululu amesikia nimeanza na ukuta, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwiitu wa mwaitu," akaniambia, yaani binti wa mama yangu, kwa sababu kwetu Ukambani hakuna binamu, kuna ndugu tu. "Unajenga ukuta na hakuna mtu amekuona? Huyo mkulima wako sahii angekuwa amefika mtoni."

Nikamjibu kwamba heri nyumba moja yenye kufuli kuliko nne zenye pazia. Akasema hiyo ni akili ya landilodi, si ya mfalme.

Kusema kweli ana hoja. Ardhi iko kwenye zamu za mwanzo. Mji wa pili ukiwekwa mapema unazaa wa tatu, na wa tatu unalisha askari wa kulinda ule wa kwanza. Ukichelewa unakuta bendera ya mwingine. Lakini mkulima hutembea bila silaha, na mji mchanga hauna hata ua. Nikiwafikiria watu wangu wadogo wa kwenye skrini wamelala nje bila mlango, sipati raha. Kesho nitaanza mnara.

Jumamosi, 8 Desemba

Askari wangu amefika mtoni na kukuta bendera nyekundu ng'ambo. Khamala. Zamu ya tano tu na tayari ana mji wa pili, tena ameuweka pale hasa nilipopataka.

Sijashangaa. Huyu mtu ndivyo alivyo hata kwenye ploti. Anapanda mboga za sukuma kwenye magunia ya udongo aliyoyatoboa ubavuni, na alipohamia alikuwa na gunia moja mlangoni kwake. Sasa yako matatu, na la tatu liko karibu na mlango wangu kuliko wake. Hasemi kitu. Anaweka tu.

Jumanne, 11 Desemba

Gunia la nne.

Alhamisi, 13 Desemba

Leo Khamala ameongea. Nilikuwa naanua nguo, akasimama na kofia yake ya kazi mkononi.

"Mama Eva," akaniita kwa jina la binti yangu Everlyne. "Kule kwa gemu. Mto uwe mpaka?"

"Wewe uko ng'ambo na mimi huku?"

"Ndio."

"Sawa, Baba Sella. Mto ni mpaka."

Akaitikia kwa kichwa akaenda kazini. Nimekubali, lakini nimeongeza watu wa mishale wawili kwenye ukingo wangu. Mtu anayeomba mpaka mapema namna hiyo ana kitu anachokipanga.

Jumatatu, 17 Desemba

Everlyne amefunga shule tangu mwezi uliopita na leo nimempeleka stendi, ameenda Mwala kwa nyanyake. Nitamfuata Krismasi nikimaliza sare. Mji wangu una kuta mbili, mnara na watu wa mishale watatu. Bado ni mmoja.

Jumapili, 23 Desemba

Sare hazijaisha. Siendi Mwala. Mji wa pili nimeujenga hatimaye, nyuma ya wa kwanza, mahali pakavu ambapo hakuna mtu aliyepataka. Annet aliangalia akasema, "Wee Mumbua, huko umejenga choo."

Alhamisi, 27 Desemba

Nimepiga kura. Nilifika foleni saa kumi alfajiri, nikatoka saa saba mchana. Watu walikuwa wapole, wakishikiana nafasi na kununuliana chai. Khamala alikuwa mbele yangu kama watu mia. Hatukucheza.

Jumapili, 30 Desemba

Wametangaza matokeo ya urais jioni. Kelele zilianza kabla mtangazaji hajamaliza sentensi. Nimefunga mlango, nimesukuma cherehani ya akiba nyuma yake, na naandika kwa mshumaa. Kuna harufu ya mpira unaoungua. Upande wa pili wa bati Khamala anakohoa, na kwa mara ya kwanza nafurahi kumsikia.

Jumatano, 2 Januari 2008

Soko la Toi limeungua. Vitambaa vyangu vyote navinunua huko.

Annet yuko salama. Amefunga saiba na kuingiza kompyuta chumbani kwake nyuma, ile yenye mchezo ameiweka chini ya kitanda. Cherehani yangu pia ameiingiza. Amepiga simu kunieleza, na kabla hajakata akasema, "Na zamu yako bado."

Nilidhani anatania.

Ijumaa, 4 Januari

Hakuwa anatania. Anasema asipopata kitu cha kufanya ndani ya chumba kile atapasuka kichwa. Mpango wake ni huu: tutamtumia maagizo kwa ujumbe wa simu, naye atatuchezea kila mtu zamu yake, na ataapa kwa jina la mamake kutosema siri za mtu. Kredo ya simu sasa inauzwa mara mbili ya bei, ikipatikana, kwa hiyo siku moja ni ya mtu mmoja. Kila jioni atatutangazia zamu ya kesho ni ya nani.

Nimecheka peke yangu. Kisha nikatoa daftari, nikaanza kufikiria mto wangu, na kwa nusu saa sikusikia chochote cha nje.

Jumamosi, 5 Januari

Ujumbe wa Annet: "Kesho zamu ya Mumbua. Jipange."

Nimejipanga. Mtu wa mishale wa nne.

Jumanne, 8 Januari

Redio imesema mwanasiasa wa kwetu Ukambani amekubali kuwa makamu wa rais yule yule ambaye ploti hii inasema aliiba kura. Niliposikia nilizima redio, kana kwamba nikiizima ploti nzima haitajua.

Jumatano, 9 Januari

Mama wa chumba cha nne hakuitikia salamu yangu bombani. Nilidhani hajasikia. Nikarudia.

Alisikia.

Ijumaa, 11 Januari

Ploti hii ina Wakamba wawili, mimi na fundi viatu wa chumba cha mwisho. Fundi viatu amehama leo asubuhi. Mlango wake ulikuwa bado uko wazi na tayari kuna mtu ameweka godoro ndani.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kinachonitisha kweli. Si kupigwa. Ni chumba. Nikitoka siku mbili, kimeshahamiwa. Miaka kumi na moja nimekaa humu, Everlyne alijifunza kutembea kwenye hii sakafu, na kitakachobaki ni mtu mwingine kukausha nguo kwenye kamba yangu. Ndululu anasema niende Kawangware, lakini kwake nako kumechafuka, na yeye mwenyewe analala kwenye karakana. Mama anasema nirudi Mwala. Nikirudi Mwala sitarudi huku tena, najijua.

Nimekuta sukuma mlangoni, zimefungwa na uzi. Za magunia ya Khamala, maana hakuna mwingine mwenye sukuma. Hakubisha. Sijui ananihurumia au ananizoesha kumshukuru kabla hajaomba chumba. Nimezipika, lakini nimekula nikimwaza vibaya.

Jumapili, 13 Januari

Sukuma tena.

Jumatatu, 14 Januari

Zamu yangu. Mtu wa mishale wa tano na wa sita. Ukweli ni kwamba sina nafasi tena. Khamala ana miji minne ninayoijua, mimi miwili, na mmoja ni choo. Nikisubiri atakuwa mkubwa asiyeguswa.

Ndululu ametuma ujumbe wa siri. Anasema tumvamie Khamala pamoja: yeye ashuke kutoka mlimani, mimi nivuke mto. Nikamwambia tulikubaliana mto ni mpaka. Akajibu, "Ulikubaliana ukiwa na mishale mitatu."

Nikamjibu ndiyo, zamu yangu ijayo, Ijumaa. Nimeandika kila kitu vizuri, nani aanze na wapi. Ni mchezo tu. Lakini kukohoa kwake kulinifikia ukutani nikiandika, na nikaufunika mwanga wa simu kwa mkono.

Alhamisi, 17 Januari

Maandamano tangu jana. Stima ya ploti imekatwa siku ya tatu na simu yangu imezima. Nimempa Murunga, fundi redio wa pale kwenye kona, anachaji simu za watu kwa betri ya gari. Yeye ndiye msemaji wa vijana wanaolinda huu upande. Aliipokea bila kunitazama. Amesema niifuate kesho.

Ijumaa, 18 Januari

Sikuifuata. Ililetwa.

Ilikuwa kama saa nane mchana. Nilikuwa natia uzi kwenye cherehani ya akiba nikasikia miguu mingi. Murunga alikuwa mbele, nyuma yake wanaume saba au wanane, na nyuma ya hao karibu ploti nzima, mama wa chumba cha nne akiwa amekunja mikono.

"Mathe, toka kidogo," Murunga akasema. "Hii simu ni yako?"

"Ni yangu. Imejaa?"

"Imejaa sana. Imejaa mambo."

Akaanza kusoma kwa sauti ya kanisani. Alianza na za Annet. "'Kesho zamu ya Mumbua. Jipange.' 'Kesho zamu ya Annet.' 'Kesho zamu ya Khamala. Mjipange.' Hii ya Khamala imekuja Jumanne." Akainua macho. "Zamu ya Khamala ya kufanywa nini?"

Nilifungua mdomo, lakini alikuwa ameshafika kwa zangu.

"Hapa anaandikia mtu wa Kawangware. 'Mishale sita iko tayari mtoni. Khamala asijue. Ijumaa navuka, nachoma shamba kwanza akose chakula, wewe shuka kutoka mlimani.' Ijumaa si ndio leo? Na mto si ndio huu hapa chini?"

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mama wa chumba cha nne akasema polepole, "Na mnajua Wakamba na mishale."

"Hiyo ni gemu," nikasema.

Daftari langu hili linajua kwamba ni gemu. Lakini nilipolisema mbele ya watu lilitoka kama uongo wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Serikali yenyewe ilishatutumia onyo kuhusu ujumbe mbaya wa simu, na kila mtu pale alikuwa ameona mmoja au miwili ya kweli, yenye majina na siku.

"Gemu?" Murunga akasema. "Mathe, watu wanachomewa manyumba na wewe unaniambia gemu? Sisi hatutaki kukugusa. Beba vitu zako. Hadi Jumapili."

Mmoja akauliza chumba kina ukubwa gani. Nilimwona akitazama ndani juu ya bega langu, akipima kitanda kitakaa wapi.

Ndipo Khamala akaja, anatoka kazini, na sare yake na rungu la kampuni kiunoni. Watu wakampisha. Mlango wake ndio wa kwanza ukiingia kwenye kijia chetu, wangu ni wa pili, kwa hiyo walikuwa wamejaa mbele ya magunia yake. La kwanza kuwaambia lilikuwa, "Msinikanyagie sukuma."

Murunga akampa simu. "Mzee, soma mwenyewe. Wewe ndio walikuwa wanakuja kumaliza."

Khamala aliiweka simu mbali na macho, hana miwani. Alisoma yote, ya kwanza hadi ya mwisho, midomo ikitembea. Nilimtazama usoni na nikaona hasa pale alipofika. "Khamala asijue." Alirudi nyuma akaisoma mara ya pili. Sijawahi kuona haya kama ile, na nimewahi kuanguka kwenye matope mbele ya kanisa zima.

Akasema, "Ni kweli."

Mama wa chumba cha nne akakunjua mikono.

"Ni kweli zamu yangu ilikuwa Jumatano. Nilicheza." Akatoa simu yake mfukoni, akamwonyesha Murunga. "Tazama. Annet wa saiba. 'Kesho zamu ya Khamala.' Amenitumia mimi pia. Mtu anaweza kutumiwa barua ya kuuawa kwake akaambiwa ajipange?"

Murunga akatazama simu moja, akatazama nyingine.

"Na hii yangu nikimjibu. 'Mkulima aende kusini. Ghala limalizike. Maliza zamu.' Niko na wakulima wa wapi mimi? Mimi ni mtu wa geti."

Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo.

"Sawa mzee," Murunga akasema. "Zamu nimeelewa. Hata sisi tuko na zamu za kulinda. Lakini hii mishale? Na 'Khamala asijue'?"

"Hiyo ni ya kunivamia mimi," Khamala akasema. "Alikuwa anipige leo. Na kama mwenye kuvamiwa hajalia, wewe unamlilia nini?"

Sasa walicheka wengi. Murunga hakucheka. Alisema kuna watu wa upande ule wa juu wanauliza kwa nini huyu mama bado yuko, na yeye atawajibu nini.

"Waambie waniulize mimi," Khamala akasema. "Kwake wanapitia kwangu."

Hakupandisha sauti. Alivua kofia, akainama, akaanza kuinua jani moja la sukuma lililokanyagwa, na kwa kuwa hakuna linalochosha umati kama mtu anayeshughulikia mboga zake, wakaanza kuondoka. Mama wa chumba cha nne aliondoka wa mwisho.

Nilibaki mlangoni.

"Baba Sella, tulikubaliana mto. Nilivunja."

"Ni gemu, Mama Eva."

"Hata kama."

Akafikiri. "Mishale sita ni mingi," akasema. "Miwili ingetosha."

Akanirudishia simu yangu, akaingia kwake. Nimelia mpaka kichwa kimeuma. Nilikuwa naogopa mtu mmoja tu tangu zamu ya tano, na ndiye huyo.

Nimemtumia Annet maagizo ya leo: "Sitoki. Maliza zamu." Ndululu amenipigia mara nne. Sijapokea.

Jumamosi, 19 Januari

Annet amesikia habari na kuogopa. Ameapa hataandika tena neno zamu. Jioni tumepokea: "Kesho ni siku ya Khamala."

Nimempigia haraka kumwambia kwamba hiyo ni mbaya zaidi. Siku ya mtu ni moja tu.

Alhamisi, 24 Januari

Redio imesema wakubwa wawili wamepeana mikono. Murunga alipita akaniuliza, huku akitazama pembeni, kama naweza kushona suruali iliyochanika gotini. Nimeishona. Nilifikiria kuacha sindano ndani. Sikuacha.

Jumatatu, 4 Februari

Shule zimefunguliwa lakini Everlyne bado yuko Mwala. Ananiuliza kwenye simu ni lini nitamwambia aje. Namwambia bado. Ananiuliza bado ni siku ngapi.

Jumamosi, 16 Februari

Annet amefungua saiba. Kompyuta imetoka chini ya kitanda ikiwa na vumbi na nywele za paka. Cherehani yangu imerudi verandani. Wateja wawili, wote wa kushonewa zipu.

Jumapili, 17 Februari

Ndululu amekuja, amekonda. Karakana yake imesimama, masanduku matatu yaliibwa. Nilimkumbatia mbele ya watu. Baada ya chai jambo lake la kwanza lilikuwa, "Ile mishale sita bado iko?"

"Iko."

"Basi?"

"Basi nyamaza."

Haelewi. Anasema Khamala alinitetea kule nje na ni vizuri, tumpelekee kuku, lakini mchezo ni mchezo. Hoja yake haina kasoro na bado siitaki.

Jumatano, 20 Februari

Nimejenga mnara mwingine. Nilipobonyeza, Annet alipumua kwa pua.

Alhamisi, 28 Februari

Wakubwa wale wametia sahihi mapatano. Tuliona kwenye televisheni ya kinyozi, watu wamejaa hadi barabarani. Wengine walishangilia, wengine walirudi tu kazini. Mama wa chumba cha nne alinikuta bombani akanisaidia kutwika ndoo.

Jumamosi, 1 Machi

Leo wote wanne tulikuwepo, kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Ilipofika zamu yangu nilikaa kwenye kiti na sikujua la kufanya. Nina kuta nne, minara mitatu, mishale sita, na himaya yangu yote unaweza kuifunika kwa kiganja. Nikasema, ngoja angalau nijue. Nikamtoa askari wangu wa kwanza kabisa, yule wa tangu Desemba, nikampandisha mlimani aangalie chini.

Giza likafunguka. Khamala ana miji saba. Upande unaotazama kwa Annet ameweka safu ya mikuki, nilihesabu kumi na mmoja. Upande wa Ndululu ameweka ngome mbili. Nikasogeza ramani kuelekea kwangu, kwenye mto, nikitafuta jeshi nililoliogopa msimu mzima.

Hakukuwa na mtu. Miji mitatu imetazamana na ukingo wangu, haina ukuta, haina mnara, haina hata askari mmoja wa rungu. Nikahesabu tena kwa kidole kwenye skrini. Mashamba tu, mpaka majini.

Kanuni inasema usiseme ulichokiona. Niliinuka nikatoka verandani. Khamala alikuwa amekaa kwenye benchi langu la wateja, mgongo kwa mlango, kama inavyotakiwa.

"Baba Sella, kwa nini kwangu hukuweka mtu?"

Annet akapiga kelele kwamba navunja sheria. Khamala akafikiri kama kawaida yake.

"Askari anakula," akasema. "Ningeweka huku, ningekosa wa kule. Mtu hawezi kulinda pande zote halafu aongeze shamba. Lazima uchague nani utampa kisogo."

"Na ukanichagua mimi."

"Tulikubaliana mto."

"Lakini ile simu uliisoma! Ulijua nakuja Ijumaa. Ungeweza kuweka hata mmoja."

"Niliisoma," akasema. "Nikangoja. Hukuja."

Ndululu alikuwa amesimama kwenye nguzo na macho yamemtoka. Amepiga hesabu papo hapo, namjua: miji mitatu mitupu, mishale sita, zamu moja. "Mwiitu wa mwaitu," akanong'ona kwa Kikamba, "tumeshinda." Khamala hajui Kikamba lakini alielewa. Hakugeuka. Aliendelea kutazama barabara.

Nimerudi kwenye kiti. Kisha nimewaamrisha watu wa mishale watatu waende mashariki, kwa Annet, na watatu kaskazini kwenye njia ya Ndululu. Nimebomoa mnara mmoja nipate mawe. Nimefanya wakulima wawili, nikawatoa langoni bila askari, wakajenge mji kando ya mto, palipo na udongo mzuri.

Nimempigia Everlyne nikamwambia Jumatatu apande basi la asubuhi.

Kabla ya kumaliza zamu nimepitia ramani yangu upande mmoja mmoja. Mashariki watatu, kaskazini watatu. Upande wa Khamala sikuacha mtu.